Picha Iliyopita Chini ya Mlango

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi, niliyeishia darasa la nne kwa kuwa walimu waliishiwa la kunifundisha, nilikikataa mara ya kwanza.

Mpwa wangu, mpiga picha tunayemwita Chapchap, alikuwa na kamera ya kizamani ya plastiki, ya bei ya chee: unabofya, inanguruma kama paka aliyekanyagwa mkia, inatema picha papo hapo. Zilibaki karatasi mbili ndani yake, na madukani haziuzwi tena. Moja ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa akihamia mbali jioni ile, kwa mwanawe wa kiume, na aliyeapa hapandi basi bila picha ya bintiye huyu mkononi.

Chapchap akaingia stoo kuifuata kamera. Mlango ukajibamiza, kitasa kikambaki mkononi. Simu iko nje, kwenye chaji. Akapiga kelele weee. Jirani mashine ya kusaga inaunguruma, nani asikie? Stoo haina dirisha, ukigeuka unajigonga kwenye rafu. Jasho likamwingia machoni. Mama anaondoka, akawaza, na mimi nimo humu kama panya mtegoni.

Akakipiga picha kitasa kwa mwanga wa flashi, atakayeiona ajue kuna mtu kafungiwa, akaisukuma karatasi chini ya mlango. Mfagiaji wa jengo akaiokota.

"Karatasi tupu! Watu wachafu hawa," akasonya, akaitupa kwenye ndoo.

Haraka zilimponza mpwa wangu. Picha zile hutoka nyeupe. Sura huja baadaye, polepole, kwa maringo.

Ikabaki moja. Ya mama.

Akajigeuzia kamera, akabofya. Safari hii akaibana kwapani, akangoja. Kungoja gizani huku basi linapakia, jamani! Alipoichungulia kwenye mwanga wa chini ya mlango, uso ulishajitokeza: macho yamemtoka, kitasa kipo shavuni. Akaisukuma nje.

"Jini!" mfagiaji akaruka. Kisha akaitazama vizuri. "Ah, si yule binti wa picha? Na hicho si kitasa?"

Akamfungulia. Chapchap akamnyang'anya picha, akatimua mbio hadi stendi.

"Ndiyo sura uliyonitunzia hii, mwanangu?"

"Ndiyo iliyopo, Mama."

"Ilete. Hiyohiyo."

Mama akaitia kifuani, akapanda. Basi zima likaangua kicheko, dereva akazima injini, abiria wakashuka wakapanga foleni, Chapchap akawapiga picha mmoja mmoja, hata kondakta na—

"Wee mjomba!" Chapchap akanikatiza. "Kwa karatasi zipi?"