Jiwe Lenye Doa

Jana pale kibandani kwangu pa kutengenezea redio, Msimbazi, niliaibika, lakini redio ikaimba. Ni redio ya jiwe, isiyotumia betri: waya ukigusa jiwe panapofaa, inaimba. Jiwe lenyewe jeusi, lina matabaka kama chapati, na doa moja la uchafu. Nikawatangazia wateja, "Ndugu zangu, umeme unapenda usafi!" Nikavaa visikilizio, nikagusisha waya penye kung'aa. Kimya.

Mama Neema, mwenye redio, akasema, "Jaribu kwenye doa, ama niipeleke kwa fundi jirani." Nikamcheka mbele za watu.

Alipogeuka kununua maandazi, nikajaribu kwenye doa. Muziki ukajaa masikioni! Uchafu ule ndio uliopitisha umeme. Nikanong'ona, "Mama Neema alipatia, mimi nimekosea."

Kumbe, kwa muziki wa visikilizio sikujisikia; nilikuwa napiga kelele. Mtaa mzima ukageuka.

"Rudia, ndugu fundi," akasema Mama Neema, "kule Ilala hawajasikia!"