Mukatra Aliyestaafishwa na Asiyekuwa Kaisari

Shemeji yangu Mukatra alimaliza utumishi wake miaka miwili kabla jeshi halijakubali kwamba amemaliza. Miaka ishirini na mitano ya kulinda mto Danubi, magoti yamekwisha, meno ya mbele hana, na kila alipoomba kuondoka aliambiwa asubiri, Wagothi wako ng'ambo. Wagothi wako ng'ambo tangu enzi za babu yangu. Dada yangu Surila, mkewe, alikuwa ameshapanda mizabibu kwenye kishamba chetu nje ya mji wa Viminakio, akimngoja mumewe aje aipogoe.

Ndipo ukaja ule wazimu. Askari walikuwa wamemchoka Kaisari wa Roma, ambaye hata sura yake hawaijui, wakamwendea jemadari wao Sabidio, mzee mpole mwenye tumbo bovu. Mukatra alikuwa mbele.

"Mzee, ukiwa Kaisari, sisi tuliomaliza tutakwenda nyumbani?"

"Mngekwenda," Sabidio akasema. "Lakini sitaki. Mtaniua, wanangu."

"Ukikataa tunakuua leo," mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka.

Wakachana kitambaa cha zambarau, rangi ya Kaisari, kutoka bendera ya kikosi, wakamvika, wakampandisha juu ya ngao. Mukatra alishika upande mmoja. Mimi, mshona mahema, nilikuwa pembeni na sindano yangu, nikamwona mzee wa watu analia huko juu. Walidhani ni furaha, wapumbavu wale.

Sabidio alitimiza neno lake, hilo simnyimi. Aliwakusanya askari wazee uwanjani akawaachia. Mukatra akaja shambani, akapogoa mizabibu, akachimba kisima, na Surila akashika mimba. Sijapata kuona mtu anayelipenda koleo namna ile.

Kisha likaja jeshi la Italia na Kaisari wake mpya. Wale wale waliombeba Sabidio wakamchoma visu hemani akinywa uji, tumbo likimsumbua. Kaisari mpya aliwasamehe wauaji. Akatangaza kwamba Sabidio hakuwa Kaisari hata siku moja, na kila amri aliyoitoa haikutolewa.

Bato, mkuu wa kikosi cha Mukatra, akaja shambani na askari wawili.

"Mukatra, vaa viatu twende."

"Nimestaafu, afande. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nani alikustaafisha?"

Mukatra akachomeka koleo ardhini. Jina lile lilikuwa limeshapigwa marufuku.

"Basi ulitoroka," Bato akasema. "Na mtoro anaanza kuhesabiwa miaka upya. Shukuru una kichwa."

"Na wewe je? Si ulishika ngao upande wa pili?"

"Nilishika. Lakini na hemani nilikuwepo, kwa hiyo nimesamehewa."

Surila akaingia katikati yao, mkono kiunoni. "Kisima hiki nacho hakikuchimbwa? Na tumbo hili nimelipata wapi?"

"Dada, usinipandishe hasira mbele ya majirani," Bato akasema.

Wakamchukua. Walimweka ngome ya ng'ambo, zamu ya ukutani, mtu wa karibu miaka hamsini anayehesabiwa kama kuruta. Nilitukana mpaka sauti ikakauka, na haikusaidia kitu.

Majira ya baridi askari wakamwua na huyo Kaisari mpya, wakapandisha mwingine, naye akatangaza yale yale juu ya aliyemtangulia. Surila aliposikia alimfunika mtoto wake mchanga, akanitaka nimsindikize kambini. Tulimkuta Bato langoni anakula dengu.

"Afande, nimesikia aliyekufa hakuwa Kaisari."

"Hakuwa."

"Na amri zake zote hazikutolewa?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi na ile ya kumrudisha mume wangu haikutolewa. Nimekuja kumchukua."

Bato alimtazama dada yangu, akamtazama mtoto, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona haya.

"Hiyo imebaki, dada," akasema, akarudi kwenye dengu zake.