Wiki Isiyo na Chumvi

Sella hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Siku akiamua kufua, majirani wa mtaa wa Kianda, Nairobi, walijua kamba zote za nguo zimekwisha chukuliwa. Kwa hiyo sista wa zahanati alipomwambia mumewe kwamba presha iko juu na hawezi kumwandikia barua ya kupanda paa mpaka ishuke, Sella alimkatiza.

"Tupe wiki moja tu, sista," akasema, kana kwamba ameombwa arudishe sufuria ya watu.

Shiundu, mumewe, alikuwa seremala. Mwaka huo wa 1996 alikuwa amepata kazi ya kuezeka kanisa jipya kule Kawangware, kazi nzuri ya miezi mitatu. Siku ya pili kizunguzungu kilimshika akiwa juu kabisa, akakumbatia boriti mpaka wenzake wakamteremsha. Mulwa, msimamizi wa kazi, hakuwa na roho mbaya, ila alisema bila kuzunguka: asiye na barua ya zahanati hapandi ngazi, na nafasi ya Shiundu itangoja wiki mbili, si zaidi.

Sista alikuwa ameagiza chumvi ipunguzwe sana, mafuta pia, na vibanda vya barabarani visahaulike. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Sella alishona sare za shule karibu na mtaa wa Olympic, na alipofika nyumbani jioni mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Chakula chao cha jioni kilikuwa chipsi za kufungiwa kwenye gazeti, au mutura wa pale kona, utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na chumvi tele. Jiko liliwashwa kwa chai tu.

"Nitapika Jumapili, ya wiki yote," akatangaza. "Na mnisikie vizuri. Wiki hii hakuna mtu kulalamikia chakula. Asiyetaka, alale njaa."

Binti yao Immaculate, aliyekuwa na miaka kumi, akaitikia. Shiundu naye akaitikia, kwa sababu alimjua mkewe.

Jumapili baada ya kanisa Sella akatoka nje na jiko, karai na mafungu ya mboga. Paketi ya chumvi alimpa jirani yake Adero, aliyeuza dagaa wa omena kule Kisumu Ndogo, aondoke nayo kabisa ili asishawishike.

"Mama Imma, kwani unafungua hoteli?" Adero akamuuliza alipoona sufuria zilivyopangwa.

"Naokoa bwana yangu," Sella akajibu, akiendelea kuchambua kunde.

Ila jiko lilikuwa moja na jua halikumsubiri. Saa tisa alasiri maharagwe yalikuwa bado magumu kama changarawe, na mboga za majani, kunde na managu, zilikuwa hazijabandikwa. Sella akachukua mkebe wa magadi, akatia kijiko. Akaona bado hayalainiki, akatia kingine, na kingine. Kwao Butere mama yake alichuja majivu ya maganda ya maharagwe ili mboga ilainike. Nairobi hakuna majivu hayo, kuna magadi ya dukani. Maharagwe yakalegea. Mboga zikaiva zikiwa kijani kibichi, na huo ukijani aliutaka ukae mpaka Ijumaa, basi akaongeza kidogo. Sufuria zikawekwa kwenye karai la maji, gunia lililoloweshwa likatandazwa juu, na kila alfajiri kabla ya kwenda kushona alizichemsha zisichache.

Jumatatu jioni alichofanya ni kusonga ugali tu. Alijisikia fundi! Jumatano alikuwa akiwaeleza wenzake kwenye cherehani jinsi ya kupanga jiko, na wawili wakasema watajaribu. Nyumbani Shiundu alikula kimya, akapangusa sahani, akashukuru. Sella akauchukua ukimya ule kuwa sifa.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila baada ya kula, Shiundu alikunywa maji vikombe vitatu, vinne. Ijumaa uvumilivu ukamwisha.

"Baba Imma, hiyo kiu ni ya mutura. Umepitia kona."

"Sijapitia."

"Hebu nikunuse shati."

Shiundu akasimama, akanuswa, akaketi. Shati lilinuka mbao za vibarua vidogo alivyofanya akingoja barua. Hata hivyo Sella hakumwamini, na akamwambia hivyo.

Jumamosi sista alimfunga Shiundu mpira wa kupimia presha mkononi, akapima mara mbili, akatikisa kichwa. Imeshuka kidogo sana. Barua hakuna.

"Si nilikuambia ni mutura!" Sella akamgeukia mumewe palepale, mbele ya wagonjwa wengine.

"Mama, ngoja kwanza," sista akasema. "Wewe unapika aje?"

Sella akaeleza kwa fahari, kutoka karai mpaka gunia. Alipofika kwenye magadi sista akainua mkono.

"Magadi kiasi gani?"

Sella akakunja kiganja kuonyesha.

"Mama, ile kitu iko kwa chumvi inapandisha presha, hata magadi iko nayo. Mwili yake haijui wewe umeitoa kwa mkebe gani."

Njia nzima ya kurudi Sella alitangulia mbele ya mumewe. Aibu ilimchoma. Si aibu ya magadi tu, ni ya lile shati alilolinusa. Walipofika penye kioski cha maji akasimama.

"Nisamehe, Baba Imma. Nimekuita mwongo bure."

"Imeisha." Shiundu akatembea hatua mbili, kisha akasema polepole, "Tangu Jumatatu hiyo mboga ilikuwa kama nimelamba sabuni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulisema asiyetaka alale njaa."

Sella akacheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Hakujua kwamba katika nyumba yake mtu angeweza kumeza sabuni siku tano kwa kuogopa kusema.

Ilibaki wiki moja. Jioni ileile aliyaloweka maharagwe, na Jumapili Adero akamwazima jiko la pili, kwa hiyo hapakuwa na haraka. Mkebe wa magadi ulikuwa umekwenda ilikokwenda chumvi. Sufuria ya kwanza ilipoiva alimwita mumewe, akamkabidhi mwiko.

"Onja. Na useme ukweli."

Shiundu akaonja, akamtazama, akaonja tena. "Imepooza," akasema kwa woga.

"Inataka nini?"

"Labda ndimu."

Sella akakamua ndimu. Akamrudishia mwiko, na kila sufuria ya siku ile ilipita kinywani mwa Shiundu kabla ya kufunikwa.

Jumamosi sista alipima mara mbili, akatabasamu, akavuta karatasi yenye muhuri. Akiwa anaandika akamuuliza Sella safari hii alipika vipi, maana kuna wagonjwa wengine angependa kuwaeleza.

Sella akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Muulize yeye, sista. Yeye ndiye alikuwa anaonja."