Uamiri Niliopewa kwa Sababu ya Mvi

Nakumbuka Ijumaa moja baada ya sala, sebuleni kwangu Rashidiya, Dubai, sahani za biriani zimeondolewa na ramani ya mto imetandazwa juu ya busati. Tulikuwa watatu: Hamadi, ndugu wa mke wangu; Badru, kijana wa Jinja aliyefundisha watu kuogelea katika hoteli moja ya Al Barsha; na mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili wakati ule. Tulikuwa tunapanga kwenda kaskazini ya mbali ya Kanada, tushuke mto kwa mtumbwi sisi wenyewe, bila mtu wa kutuongoza.

Desturi yetu unaijua. Watu watatu wakisafiri, mmoja huwa amiri wa safari, na wenzake humtii. Hamadi akanitazama, akasema, "Shemeji, mwenye mvi hapa ni wewe. Tena ndiwe unayeweza kusema na maofisa wa uwanja wa ndege wasituchoshe."

Badru akacheka. "Mzee ndiye."

Nikakubali. Hapo, mwanangu, ndipo nilipopaswa kukataa. Badru alikuwa amepitisha wageni katika maji makali ya Nile kwa miaka saba kabla hajaja Dubai. Mimi mtumbwi niliojua ni ule wa kukodi kwenye bwawa la Hatta.

Na huko Hatta ndiko nilikotoa hesabu yangu. Tulikwenda asubuhi moja ya baridi, maji yametulia kama chai kikombeni, nikatazama saa tulipoondoka na tulipofika ng'ambo. Nilikuwa karani wa mizigo, napenda jedwali safi. Nikachukua urefu wa mto wote, nikaugawanya kwa mwendo wetu wa Hatta, nikapata siku tisa. Kila siku niliiandikia mahali pa kulala.

Badru alikuja kwa metro akitoka kazini, bado ananuka klorini, akaisoma karatasi ile mara mbili.

"Mzee, siku za upepo ziko wapi?"

"Tutapiga makasia kwa nguvu."

"Upepo haujali nguvu zako. Weka siku mbili za kukaa bure. Na kila penye maporomoko weka nusu siku, tushuke tukayatazame kwa miguu kwanza."

"Huyu anataka likizo ndani ya likizo," Hamadi akasema, tukacheka, na Badru mwenyewe akacheka.

Siku hizo sikuziweka. Arbab, bosi wangu wa kazini, alikuwa amenipa ruhusa ya wiki mbili, na nilikwisha sema wiki mbili zatosha. Kurudi mlangoni kwake kuomba siku nyingine tatu nne niliona haya. Ni hivyo tu. Sina sababu kubwa zaidi ya kukupa.

Ndege ndogo inayotua majini ikatuacha kwenye mto, ikaondoka. Sitakudanganya, palikuwa pazuri. Tulisali juu ya changarawe, mbu wakitula, na jua lilikuwa halitaki kuzama. Badru alikaa nyuma akiongoza mtumbwi. Palipokuwa na mawe mabaya tuliubeba mabegani tukapita msituni, na kila kubeba kulikula saa ambazo jedwali langu halikuzijua. Kufika siku ya saba tulikuwa nyuma kwa siku nzima.

Siku ya nane mto ukafunguka ukawa ziwa. Ndege ilikuwa itufuate kesho yake, upande wa pili. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kushoto na mawimbi yalikuwa meupe vichwani. Badru akakaa juu ya jiwe, akayatazama muda mrefu.

"Mzee, leo tunakaa."

"Ndege inakuja kesho."

"Tuna simu ya setilaiti. Tuwaambie waje keshokutwa."

"Na kazi yangu?"

Hamadi alikuwa anafunga mizigo, haangalii mtu. Kisha Badru akasimama, akavaa jaketi lake la kuokolea. "Wewe ndiye amiri. Ukisema twende, tutakwenda. Lakini nimekwambia."

"Yalla," nikasema. "Twende."

Tulikuwa katikati wimbi lilipoingia ubavuni, mtumbwi ukajaa, ukapinduka. Maji yale, mwanangu, yana baridi inayokunyang'anya pumzi kabla hujapiga kelele. Badru akatushikisha ukingo wa mtumbwi, akazunguka nyuma ya Hamadi aliyekuwa anateleza, akamsukuma na kumshikilia, huku akituita majina tusilale. Upepo ukatupeleka polepole hadi kwenye mawe. Miguu yangu ilipogusa chini, Hamadi alikuwa anakohoa kando yangu. Badru alikuwa bado amejizungushia kamba ya mtumbwi mkononi. Nilimwita, hakuitika tena.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umekatika, ziwa limelala kama Hatta.

Niliporudi kazini, siku nyingi baada ya ruhusa yangu kwisha, arbab alinipa mkono wa pole, akauliza, "Kwa nini hukuniambia unahitaji siku zaidi? Ningekupa."

Sasa na wewe umeniletea jedwali lako la mto, na nimeona ni safi. Lichane. Anza kwa kuandika siku za kukaa bure, kisha ndipo uandike za kwenda. Zikikupungukia, rudi kwa bosi wako ukaombe, na akikataa, tafuta mto mfupi. Uamiri mpeni anayeyajua maji, hata akiwa mdogo wenu, hata akiwa ndiye anayewapikia chai. Wakikupa wewe kwa umri au kwa heshima ya baba yako, kataa mbele ya wote, na usione haya kama nilivyoona mimi. Na anayejua akisema leo tunakaa, chemsha maji, mkae.

Mungu akufungulie njia, akutulizie maji, akurudishe kwa mama yako pamoja na kila uliyeondoka naye. Mimi uamiri ule ulinigharimu Badru. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Aliniambia, kisha akanitii.