Kitenge Chekundu cha Bibi

Jamani, hili huwa silisimulii mbele ya wateja, maana mimi ndiye niliyekuwa najiita mtaalamu wa video pale Sombetini, tena na bango mlangoni, na siku hiyo nilivuliwa utaalamu wote mbele ya ukoo mzima.

Dada yangu Neema alifanyiwa sendofu, ile sherehe ya kuagwa nyumbani kabla ya harusi, nikapiga video mwenyewe (kamera ya kuazima, ukichungulia ndani unaona nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo rangi za sherehe nzima zilinipita). Bibi mzaa mama, anayekaa Usa River kwa mjomba, hakuweza kuja kwa sababu ya maumivu ya nyonga, akampa mama kitenge chekundu alichokitunza sandukuni miaka mingi, akasema Neema avishwe siku hiyo, yeye atamwona kwenye video. Alichotaka ni hicho tu.

Sidii ndio kwanza zilikuwa zinaingia, zamani nilikuwa natoa kanda, sasa ile programu ya kompyuta ikaniuliza: picha ishirini na tano kwa sekunde au thelathini? Pembeni kulikuwa na maandishi, sikuyasoma. Nikajiambia, thelathini si ndiyo nyingi? Bibi yangu nimpunje ya nini! Nikabonyeza, nikaiacha mashine ijipikie yenyewe, nikaenda kula chipsi.

Jumapili baada ya ibada tukajazana kwa mjomba, Bibi kakalishwa mbele, majirani mpaka mlangoni. Nikaweka sidii. Picha ikaja inarukaruka, yote ya kijivu.

"Mbona kama msiba?" mjomba akauliza.

Hapo ningenyamaza tu! Mimi nikajibu kitaalamu, "Mjomba, tivii yako imechoka."

Mjomba hakupenda. Akatoka na vijana wawili, wakarudi wamebeba tivii mpya ya jirani, na kitambaa chake cha kufuma juu. Kijivu vilevile. Nikasema na hii nayo ina matatizo (sijui nilikuwa naelekea wapi). Mwenye tivii, mama mmoja mpole, akatoa sidii ya kwaya kwenye mkoba wake, akaiweka. Wanakwaya hao, majoho ya zambarau yanang'aa! Nyumba nzima ikanigeukia mimi.

"Rudisha ya Neema," Bibi akasema taratibu. "Si ulikuwepo? Kaa hapa uniambie rangi."

Nikakaa miguuni pake, jasho linanitoka. "Huyu je?" "Njano, Bibi." "Muongo!" mama mdogo akaruka huko nyuma, "mimi nilivaa kijani!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi naendelea kubahatisha, mara zambarau, mara bluu, mpaka ikafika Neema anavishwa kitenge.

"Na hapa mjukuu wangu kavaa nini?"

Kicheko kikakatika. Nikamtazama mama, mama anatazama zulia.

"Chekundu, Bibi," nikasema. "Chako."

Bibi akajifuta machozi na ncha ya khanga, akasema sasa roho yake imetulia.

Niliporudi Sombetini nikasoma yale maandishi ya pembeni, kumbe thelathini ni ya tivii za nchi nyingine, za kwetu ni ishirini na tano, ukikosea rangi zinapotea. Nikatengeneza upya, safari hii nikajaribu kwenye tivii kwanza, rangi zikatoka safi kabisa. Neema kavaa bluu.

Nikampelekea mama. Akatazama akiwa amesimama.

"Mama mkwe wake alikuja na kitenge cha kwao, akamfunga mwenyewe, watu wanapiga vigelegele," akasema. "Ningemvuaje? Hii usimpelekee bibi yako."

Tangu siku hiyo sibonyezi kitu kabla sijasoma mpaka neno la mwisho, hata kama mteja ananihimiza. Ila Bibi anayo ileile ya kijivu, kila mgeni lazima aione, na ikifika pale kwa Neema anaisimamisha na kueleza, "Hapa ni chekundu, kitenge changu, ila huyu kijana hajui kuweka rangi." Nikiwepo, wageni hunitazama kwa huruma, nami nainamisha kichwa na kuitikia, "Ni kweli, Bibi. Sijui."