Mapacha wa Mektilda

Mektilda, mke wa Elieza wa hapa Kwihara, ndiye aliyevipa majina visu viwili vya mashine ya kikundi chetu ya kusaga matawi. Kimoja Kulwa, kingine Doto. Wanakikundi walicheka, yeye hakucheka. "Mapacha hawapendelewi," alisema. "Ukimnunulia Kulwa nguo, na Doto apate ya kufanana. Ukimnoa mmoja, umnoe na mwenzake kiasi kile kile. La sivyo mashine itatikisika mpaka imtie mtu kilema."

Kunoa alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mnoa misumeno mjini Tabora. Kila Ijumaa Mektilda alifungua nati, akasafisha utomvu kwa mafuta ya taa, akaketi mkekani na mawe yake mawili, la kukwaruza na la kulainisha. Habari ya kunoa kwa mashine ya umeme hakutaka kuisikia; alisema kisu kikishapata joto hadi kikageuka rangi, hicho kimekufa. Akimaliza, alining'iniza kijiti kwa uzi, Kulwa huku, Doto kule. Kijiti kikiinama hata kidogo, alirudi kwenye jiwe. Miaka minne mashine ilikuwa haijatikisika, na wenye bustani za miche kule Cheyo walikuwa wanagombea chenga zetu za matawi za kufunikia udongo.

Halafu tukafanya uchaguzi wa mwenyekiti, tukaoza.

Wilbroad alishinda kwa kura mbili. Sisi tulioshindwa tukasema ameiba, naye akasema sisi ni maadui wa maendeleo. Upande wetu ukaenda kumfungua Kulwa ukaondoka naye, upande wake ukaondoka na Doto. Watu wazima, wengine wana wajukuu, tumegawana visu vya mashine moja ili mwenzetu asifanye kazi! Mimi Deus, katibu, ndiye niliyemweka Kulwa. Nilimviringisha kwenye gunia nikamtupa darini miezi mitatu bila hata tone la mafuta. Sijitetei. Nikikumbuka najionea kinyaa.

Padre alipotusema mbele ya waumini wote, aibu ikatushika, tukakubaliana kurudisha visu Jumamosi na kuanza kazi Jumatatu.

Wilbroad ana kibanda cha kitimoto. Kumbe miezi yote ile alikuwa amempeleka Doto kwa fundi wake achomelewe mpini wa nondo, akamfanya shoka la kukatia mifupa ya nguruwe. Asubuhi ya kumrudisha akaukatisha ule mpini kwa fundi yule yule, akamleta Doto amefungwa kwenye gazeti linalodondosha mafuta. Tulipofungua, damu iliyokauka ilikuwa imefanya ukoko mweusi, manyoya yameganda kwenye matundu ya nati, na funza wawili wanatambaa kwenye makali. Harufu ilinipanda mpaka utosini. Nikageuka pembeni kutema mate. Wilbroad mwenyewe alikuwa anachokonoa meno.

Mektilda hakutema. Alimwosha Doto kwa maji ya moto na majivu, kisha kwa mafuta ya taa. Akamning'iniza kwenye kamba, akamgonga kama mwanamke anavyogonga chungu sokoni kabla hajalipa. Kulwa naye akagongwa; pamoja na kutu niliyomtia darini, aliitika vizuri. Doto alikoroma.

"Ana ufa," alisema Mektilda. "Hapa, palipochomelewa mpini."

"Mama Koleta, ufa gani? Mbona mimi siuoni?" Wilbroad alisema. "Kazi yako kunoa. Noa, Jumatatu tunaanza."

"Jumatatu nani analisha mashine?"

Jibu sote tulilijua. Tangu mashine inunuliwe, anayelisha matawi ni Elieza, mumewe, mikono yake shubiri moja kutoka kwenye mdomo wa visu.

"Si ni baba Koleta?" akasema Wilbroad.

"Hapana. Nitamnoa Doto mpaka akunyoe ndevu. Lakini utalisha wewe, mwenyekiti. Matawi kumi tu."

Wilbroad akautazama mdomo wa mashine. Kisha akasema kiuno kinamsumbua. Kiuno! Jana yake tu tulimwona amebeba nguruwe mzima begani.

Elieza ni mtu mwema, lakini ugomvi anaukimbia kama nyoka. Akasogea karibu na mkewe. "Mama Koleta, yaishe. Nitalisha mimi, Mungu atasaidia."

Mektilda alimlaza Doto ukingoni mwa jiwe, akachukua nyundo, akampiga mara moja, wala si kwa nguvu. Doto akakatika vipande viwili. Tukainama sote kutazama. Pale alipokatika, robo tatu palikuwa peusi, kutu imeshaingia mpaka ndani. Ni robo tu iliyokuwa inang'aa. Kwa mwendo wa ile mashine, asingefika tawi la tano.

Sasa mtu mwenye haya angenyamaza. Wilbroad alipiga makofi ili tumsikilize.

"Mmeona wenyewe! Amevunja mali ya kikundi mbele yenu. Napendekeza kazi ya visu tumvue. Visu vipya vitakwenda kwa fundi wangu."

Fundi huyo huyo aliyechomelea mpini. Nikangoja mtu aseme neno. Sisi tuliompinga Wilbroad miezi mitatu kwa ajili ya kiti, hatukumpinga dakika moja kwa ajili ya huyu mama.

"Wanaoafiki, mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja. Wangu uliishia sikioni, nikajifanya najikuna, na mwenyekiti akauhesabu. Kila mtu sasa akamgeukia Elieza.

"Yaishe tu," alisema Elieza kwa sauti ndogo, akaunyoosha mkono wa kulia.

Mektilda aliutazama mkono ule, mzima, na vidole vyake vyote vitano. Kisha akapiga magoti na kuanza kukusanya mawe yake.