Sinia la Jumanne

Nimefanya kazi nyingi na kuziacha. Nimechonga mawe, nimeuza soksi Mwiki, nimechuma kahawa Ruiru. Shule niliiacha mapema, lakini hamu ya kujua haikuniacha. Pengine ndiyo sababu nilikaa sana Thika, kwa mama mmoja Mhindi aliyeniajiri kumwagilia bustani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na msitu mwembamba wa kando ya mto Chania, na msituni mlikuwa na kima.

Watu wengi huwaita nyani tu. Hawa ni wadogo, manyoya ya kijivu, shingo nyeupe kama waliofungwa leso. Hawapendi kukanyaga chini. Dume ni mmoja, hukaa juu kabisa akitoa sauti moja kavu, na majike hupokezana watoto kama akina mama kanisani. Chakula hukijaza mashavuni kwanza, halafu hukimbilia matawini kukila bila bughudha.

Katika dini ya mama yule kima ana heshima, na siku yake ni Jumanne. Kila Jumanne asubuhi alitoka na sinia la chuma lenye ndizi, akaligonga kwa kijiko, na kima wakaja kwa njia ya mkuyu mkubwa ambao matawi yake yalivuka barabara hadi ukutani kwake.

"Wageni wa mama wamefika," soja wa lango alikuwa akisema. "Mimi nikigonga sahani hata paka haji."

"Paka akuje kula nini kwako?" mama alimjibu. "Chai yenyewe unamaliza mpaka majani."

Kisha barabara ikapanuliwa ili itiwe lami, na mkuyu ukakatwa. Jumanne iliyofuata mama aligonga sinia kama kawaida. Kima walisitasita ukingoni mwa msitu, halafu wakaja wakipita juu ya nyaya za stima. Sote tulifurahi. Soja hata alipiga makofi.

Mtoto mmoja, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kuachana na tumbo la mamake, alishika waya mmoja akanyoosha mkono kushika wa pili. Kulisikika mlio kama wa ukuni mbichi ukipasuka motoni. Akaanguka barabarani. Mamake alishuka hadi kwenye vumbi, akamwokota, akarudi naye msituni.

Alimbeba wiki nzima. Nilikuwa nikivuka kumtazama kabla ya kufungua maji. Alimchambua manyoya, akamfukuzia nzi, akamlaza juu ya tawi ili apate kula, akamchukua tena. Mtoto alikauka akawa kama kipande cha gunia.

Jumanne ilipofika mama hakununua ndizi. Kima walikuja hata hivyo. Walikaa ukingoni wakingoja, halafu wa kwanza akapanda nguzo ya stima.

"Wafukuze!" mama aliniambia.

Nilipiga kelele, nikapunga ufagio. Hawakunijali, walikuwa wamenizoea. Mama akakimbilia jikoni, akarudi na lile sinia likiwa tupu, akalipiga kwa nguvu zake zote.

"Rudi! Rudi nyumbani! Hapa hakuna kitu!"

Waliokuwa wamebaki nyuma msituni wakatokeza mbio.

"Mama, wacha!" soja alipaza sauti. "Ni kama unawaita!"

Alilitazama sinia mkononi mwake, akaliangusha. Akainama, akaokota jiwe kati ya kokoto za barabara. Nilinyoosha mkono nilichukue mimi.

"Hapana. Ni kwangu wamekuja."

Jiwe la kwanza halikufika. La pili liligonga nguzo, karibu na yule jike aliyebeba maiti. Hakukimbia mara moja. Kwanza alimfunika mtoto kwa kifua chake, ndipo akageuka. Wengine wakamfuata.

Mama aliendelea kurusha mawe kwenye majani yaliyokwisha kutulia, mpaka soja akamshika mkono. "Basi, mama. Wameenda."

Niliendelea kuwepo miezi kadhaa kabla miguu haijaniwasha tena. Kima sikuwaona tena wakipanda nguzo. Na kila Jumanne vyombo vya nyumba ile vilioshwa taratibu, kimoja kimoja, visigongane.